Lango Jeupe la Tudor

Nimeuza kahawa, nimeshona viatu, lakini kazi iliyoniingia moyoni ni kupuliza mchanga kwa mashine ya upepo, kung'oa kutu kwenye chuma kabla ya rangi. Juzi kule Tudor, fundi Athmani aliniachia lango la nondo peke yangu.

"Likitoka jeupe, nakuajiri."

Nikavaa kofia nzito inayoziba masikio, nikaanza. Kutu ikapukutika! Kupitia kioo cha kofia niliwaona majirani wakinipungia mikono, wengine wakirukaruka. Nikajua wananishangilia. Nikawapungia, nikaongeza upepo.

Nilipovua kofia, mwenye nyumba alikuwa amesimama ndani, nyuma ya nondo, kando ya gari lake.

"Mashallah, lango limetakata," akasema. "Na gari langu, mwanangu, nalo uliambiwa ulitoe rangi?"