Chai ya Kwanza Humwagwa

Kila asubuhi, kabla hajamjibu mtu salamu, Bibiana humwaga chai. Hupika birika zima, akamimina ya kwanza kwenye bakuli, ya bakuli akaihamishia kikombeni, akazungusha humo kijiko na vijiti mpaka vidole vikaribie kuungua, kisha akaitupa yote kwenye beseni. Ya pili ndiyo ya kunywa. Wafanyabiashara wanaofika kwa mara ya kwanza kwenye meza yake, ghorofa ya sita huko Sanyuanli, hutazamana.

"Mama Bibi, mbona unatupa chai?"

"Hiyo si chai, ni sabuni. Kaa chini."

Agape, binti wa kaka yake, aliyaona hayo tangu alipokuja Guangzhou kusoma chuo kikuu, na hakuwahi kuuliza. Hakuwa mtu wa kuuliza. Mezani alikaa pembeni, kitabu mapajani, akisikiliza watu wa Mwanza na Mombasa wakibishana kuhusu vitambaa vya soko la Zhongda na makontena yaliyokwama bandari ya Nansha. Akitupiwa neno hutabasamu. Akitupiwa la pili hunyanyuka kuosha vyombo.

Kwa kinyaa alichokuwa nacho Bibiana, ilikuwa ajabu kwamba aliishi kwa kulisha watu. Alizaliwa Muleba, akaja China kununua nguo za watoto, akagundua kwamba wenzake walikuwa wanakonda kwa kukosa wali wa kueleweka haraka zaidi kuliko yeye alivyokuwa anauza nguo. Akashika mwiko. Lakini kinyaa hakikumtoka. Samaki alimnusa kichwani, tumboni na mkiani. Tui la pakiti alilichungulia kama mtu anayechungulia kidonda. "Maji ya chokaa," alikuwa akisema, na bado akalitia kwenye wali, maana mtu hupika kwa alichonacho.

Basi mwenye nyumba akatoa taarifa: mwisho wa mwezi anataka vyumba vyake. Bibiana alibaki na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa jiko la Caro, Mkenya aliyekuwa akifunga mizigo ya wafanyabiashara ghorofa tatu chini yake, ambaye alimwambia aje wagawane.

"Kwa Caro kuna mende," Bibiana alisema. "Nimemwona mmoja kwa macho yangu. Ameketi juu ya mwiko kama mwenye mji. Hata hakukimbia! Alinitazama kama mimi ndiye mgeni."

Njia ya pili aliileta Alvin, kijana wa Nairobi, dalali wa kila kitu, mwenye viatu vyeupe ambavyo Agape hakuwahi kuona vikichafuka. Kulikuwa na uchochoro wa kale nyuma ya hekalu, mji wa zamani. Kampuni moja ilikuwa imeufufua. Sasa ilitafuta mgahawa wa Kiafrika, na ilitaka jibu kabla ya jioni ya Jumamosi. Alvin alipoutaja uchochoro wenyewe, Bibiana aliweka kisu chini.

"Uchochoro wa Kengele Mbili?"

"Huo huo, mathe. Unaujua?"

"Nilikaa pale," alisema Bibiana. Siku hiyo wali uliungua kidogo, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Jumamosi walitoka watatu. Agape alichukuliwa kwa sababu ya macho yake: shangazi alizungumza Kichina cha sokoni na Kikantoni kidogo cha jikoni, lakini maandishi kwake yalikuwa kama nyayo za kuku. Ndani ya metro Bibiana alisimulia, na Agape hakumbuki kumsikia akisimulia hivyo kabla wala baada ya hapo.

Alipofika mji huu hakuna aliyemtaka nyumbani mwake. Kila alikobisha aliambiwa meiyou, hakuna, na chumba kipo wazi mbele ya macho yake. Mwanamke mmoja tu, Popo Lam, alimtazama kuanzia kisigino hadi kilemba, akasogea mlangoni akampisha. Popo ni kama kusema bibi. Siku ya kwanza alimkaribisha chai, na mbele ya macho yake akakiosha kikombe cha mgeni kwa chai ya moto mara tatu.

"Nikasema moyoni, haya, nimekuja hadi China kuonewa kinyaa. Machozi yakanilenga. Kumbe ametoka kwenye changu, akachukua chake mwenyewe, akakiosha mara nne!" Bibiana alicheka mpaka abiria mmoja akahama kiti. "Nikajua huyu tutakaa naye."

Wakakaa. Uchochoro ulinuka. Matumbo ya samaki yalitupwa mferejini, nguo zilidondosha maji juu ya vichwa vya watu, panya walipita mchana bila haya. Alfajiri kengele ya hekalu ililia, ubani ukaingia dirishani, ukaingia kwenye mablanketi, ukaingia hata kwenye rozari yake, kiasi kwamba alipokwenda kusali kanisani alinuka kama mtawa wa Budha. Kwenye mwezi wa baridi watawa waligawa uji wa nafaka mlangoni, na Popo alimsukuma mbele kwenye foleni, akiwaambia majirani kwa sauti kwamba huyu wa kwangu anakula bakuli mbili.

Na kulikuwa na mbuzi. Bibiana alikuwa ameibeba kutoka nyumbani ndani ya sanduku, mbuzi ya kukunia nazi, mti wa mvule, ulimi wa chuma wenye meno makali. Popo aliikalia siku moja kwa majaribio, akakuna nazi nzima, akapika nayo supu ya kuku, na tangu siku hiyo ukitaka kukuna ilibidi umwombe Popo. Watu wa uchochoro walipoamriwa kuhama, Bibiana aliiacha kwake. Kwa mtoto wake alikopelekwa Popo ndiko alikofia, mbali, na hakuna aliyekumbuka kumwarifu mpangaji.

"Tumefika," alisema Alvin. "Mathe, jiandae. Utalia."

Hakulia. Alisimama mdomoni mwa uchochoro akakunja pua.

Mawe ya chini yalikuwa mapya, yamepigwapigwa ili yaonekane makuukuu. Kwenye nyaya juu ya vichwa kulikuwa na nguo zimeanikwa: shati, suruali ya mzee, shuka za kitanda. Agape aliinua shingo. Zilikuwa za plastiki, zimefungwa kwa skrubu. Sauti ya watawa wakiimba ilitoka ndani ya jiwe. Jiwe lenyewe lilikuwa na matundu ya spika na lilikuwa linaimba wimbo ule ule, na katikati yake ndege huyo huyo akilia mahali pale pale. Wasichana waliokodi majoho walichutama kwenye vizingiti, vichwa vimeinama kama wafiwa, wenzao wakiwapiga picha. Mmoja alikuwa na soseji ya mshikaki mkononi. Alimpa rafiki yake amshikie, akafanya huzuni, akapokea soseji yake.

"Nini hiyo inanuka?" Bibiana aliuliza.

Agape alitafuta kwa macho. Kwenye ukuta, kila baada ya milango michache, kidude kidogo cheupe kilipiga pfff.

"Ubani, shangazi. Wanapulizia."

"Hekalu liko hapo nyuma! Lina ubani wake!"

"Ule unafanya watu wakohoe, mathe," Alvin alisema. "Hii ni safi. Haina moshi."

Bibiana alitoa kitambaa akaziba pua. Mwanamke aliyevumilia mfereji wa matumbo ya samaki miaka na miaka alitembea uchochoro uleule, uliooshwa ukang'aa, kama mtu anayepita karibu na mzoga.

Alvin aliwapeleka kwanza kunywa chai. Vyombo vililetwa vimefungwa kwenye nailoni iliyobana kama ngozi ya ngoma. Bibiana alichana, akanusa kikombe, akakirudisha mezani. Akamimina chai ya kwanza, akazungusha, akatafuta pa kumwaga. Beseni halikuwapo. Alimwita mhudumu kwa Kikantoni chake. Mhudumu, binti mdogo, alimwangalia akamjibu kwa upole kwamba hapa vyombo vimeshauliwa vijidudu kiwandani, hakuna haja.

"Anasema hakuna beseni," alisema Agape.

"Nimesikia."

"Kunywa tu, mathe. Bakteria wote wameenda kwao."

"Kunywa wewe."

Bibiana alikaa na kikombe chake cha maji machafu mbele yake hadi walipoondoka. Hakukigusa tena, lakini hakukubali pia kukiacha mezani. Alikibeba nje akalimwagia ua la kwanza aliloliona, nalo likawa la plastiki, chai ikatiririka juu ya majani ikarudi kwenye viatu vya Alvin. Alvin aliangalia viatu vyake.

Halafu akaeleza masharti huku anajipangusa. Chumba ni kizuri, dirisha linatazama paa la hekalu. Kitu kimoja tu: moto hauruhusiwi. Nyumba ni za mbao, za urithi, moshi unaharibu. Chakula kitapikwa kiwandani huko nje ya mji, kitaletwa kwenye mifuko, yeye atapasha moto kwa umeme.

"Nitapasha," Bibiana alirudia.

"Kupasha na kusalimia wageni. Wanataka uvae zile nguo za chui chui. Saa sita mchana utakaa mlangoni, watu wapige picha. Si kazi ngumu! Wewe ni sura ya biashara."

Agape alisubiri shangazi yake alipuke. Hakulipuka. Aliuliza tu chumba kiko wapi, na Alvin, akifurahi kwamba maneno yamepita salama, akawaongoza hadi mlango ambao Bibiana aliukanyaga kizingiti bila kuangalia chini, kwa mguu unaojua kimo chake.

Kilikuwa juu, kile chumba. Chini, sebuleni kwa Popo, palikuwa pamegeuzwa jumba la kumbukumbu. Kitanda cha mianzi kilizungushiwa kamba. Mabeseni yaliwekwa ukutani kama sahani za thamani. Katikati, juu ya zulia jekundu, watu walikuwa wamepanga mstari, na mbele ya mstari huo msichana mwenye joho alikuwa amepanda kitu akakikalia kinyumenyume, ulimi wa chuma ukiwa nyuma yake, kijiti cha ubani wa umeme mkononi, macho amefumba.

Agape alikitambua kabla ya shangazi yake, akatamani asingekitambua. Kibao kidogo kilisimama kando. Alikisoma kimoyomoyo.

"Soma," alisema Bibiana.

"Shangazi..."

"Nimekuleta kusoma."

"Wanasema ni kigoda cha mtawa. Cha kukaa akitafakari. Cha enzi za kale."

Alvin aliguna, akaona nyuso zao, akaacha kuguna.

Bibiana alisubiri zamu yake kwenye mstari. Alipofika mbele hakukaa. Aliinama akaigeuza mbuzi chini juu, na pale tumboni mwa mti palikuwa na msalaba mdogo mweusi aliouchoma kwa msumari wa moto, nyumbani, siku ya kufunga sanduku. Msimamizi alikuja mbio akisema vitu vya maonyesho havigeuzwi. Bibiana aliirudisha ilivyokuwa, akapitisha kidole gumba kwenye ulimi wa chuma, polepole, kutoka upande huu hadi ule. Akapitisha tena.

"Wameipiga tupa," alisema. "Haina hata jino moja."

Agape alimuuliza msimamizi kwa sauti ambayo ilibidi airudie ili isikike. Msimamizi alijibu kwa furaha ya mtu aliyefanya jambo jema.

"Anasema ni kwa usalama. Wageni walikuwa wanajikwaruza."

Rangi ya uso wa Bibiana ilibadilika ikawa kama ya mtu aliyemeza nzi. Alipapasa ukuta kwa kiganja, akafika mlangoni, akatoka. Nje alitema mate kwenye kitambaa chake, akakikunja, akatema tena. Hata kwa hasira hiyo hakutema chini.

"Mathe, chukua tu hiyo stuli yako," Alvin alimfuata akisema. "Naongea nao, ni watu wangu. Hata kesho unaipata. Halafu tunaandikishana, sawa?"

"Nikaifanyie nini? Haikuni."

"Basi utaiweka pambo."

"Alvin, mwanangu." Sauti ilikuwa ya upole kabisa, na Agape aliogopa. "Umenitafutia jiko lisilo na moto, chakula nisichokipika, na kiti nitakachokalia nipigwe picha. Mbuzi wameshaimaliza. Mimi bado nina meno. Waambie Bibiana amesema meiyou."

"Mathe, fikiria..."

"Meiyou."

Alvin aliinua mikono, akaishusha. Alisema wangekuja kujuta, chumba kama hiki hakirudi mara mbili, kisha akatembea akirudi ndani, akikwepa madimbwi ambayo hayakuwapo.

Wawili walipita nyuma, kando ya ukuta wa hekalu wenyewe, mahali ambapo kampuni haikufika. Pale mawe yalikuwa yamepasuka. Bibi mmoja alikuwa anachoma karatasi za sadaka kwa marehemu kwenye kopo, na moshi wake, moshi wa kweli, uliwauma macho. Chini ya ukuta mfereji wazi ulinuka kama ulivyonuka siku zote. Bibiana alisimama juu yake. Aliondoa kitambaa puani.

"Angalau huu hawajaupulizia kitu," alisema. Kisha uso ukamjikunja. "Ila unanuka, mama yangu, unanuka! Tuondoke."

Walitembea hadi karibu na kituo. Agape alifikiria mwisho wa mwezi, meza ile ndefu ya ghorofa ya sita, watu wa Mwanza na Mombasa wakizunguka Sanyuanli na njaa zao, na shangazi yake akifunga masufuria kwenye maboksi kuyapeleka Muleba. Swali lilikuwa limemkaa tangu walipoachana na Alvin. Akauliza.

"Sasa utapika wapi, shangazi?"

Bibiana alikuwa anatafuta kadi yake ya metro mkobani, hakuinua kichwa.

"Kwa Caro. Mende wanauawa."