Mguu wa Raima Uliokataa Kuunga

Kabla mguu wake haujawa habari ya bonde zima, Raima alikuwa namba tisa wa Mwewe wa Palimb, timu yetu. Kama hujui namba tisa ni nani katika raga ya watu kumi na tatu, tulia nikueleze, maana shule niliiacha njiani lakini uwanja sijawahi kuuacha. Mchezaji akiangushwa, anasimama, anaweka mpira chini, anausukuma nyuma kwa unyayo. Nyuma yake amesimama namba tisa. Huyo ndiye anayeuokota kila mara, na ndiye anayeamua uende wapi. Wenzake kumi na wawili wanaumia, yeye anaamua. Ni kazi nzuri kwa mtu anayependa kutazamwa, na Raima alipenda kutazamwa. Jezi yake alilala nayo. Dada yake alipoolewa aliivaa hiyo hiyo, akajipaka mafuta ya nguruwe mikononi ang'ae, na wageni wengine wakadhani ndiye bwana harusi.

Siku ya kuumia haikuwa na ajabu yoyote. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja ulikuwa tope, na jamaa mmoja wa Kungar, timu ya jirani zetu, mnene kama tangi la maji, alimdondokea kisigino wakati vidole vya mguu vimezama. Mguu ukabaki pale pale. Raima akaelekea upande mwingine. Kitu kikalia juu ya unyayo, pale kamba za kiatu zinapokutana. Yule mnene aliusikia mlio ule, akakagua kwanza magoti yake mwenyewe, akayakuta mazima, ndipo akasema, "Pole, kaka. Basi mlio ni wako."

Kwenye hospitali ya mjini alimkuta Daktari Toua, mtu wa pwani, mpole, ambaye baridi ya milima yetu imemshinda, anavaa sweta mbili chini ya koti jeupe. Daktari alimfungua mguu, akakuta mifupa ya katikati imeachana kila mmoja na njia yake, akairudisha na kuibana kwa skrubu.

"Mguu huu usiukanyagie mpaka nikwambie," alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie."

"Na fainali?"

"Utaitazama. Macho hayajavunjika."

Raima akarudi Palimb na magongo mawili. Jioni ile ile Kitipa akaja. Kitipa, mtoto wa Yamb, baba mdogo wa Raima, ni kijana mrefu, mzito wa maneno, ambaye misimu yote alikuwa akikaa benchi akitafuna popoo na kutemea wekundu wake katikati ya viatu vyake.

"Kaka," alisema, "kocha anasema nivae jezi yako."

"Vaa."

"Huna neno?"

"Niwe na neno gani? Jezi ya timu, si ya mama yangu."

Alisema hayo akitabasamu, na tabasamu lile likamuuma taya hadi alipolala.

Kitipa akavaa. Hapo ndipo palipoharibika, kwa sababu kama angecheza vibaya dunia ingebaki sawa. Alicheza vizuri. Alicheza vizuri bila kelele, bila mafuta ya nguruwe, akatufikisha fainali na Kungar wale wale, na watu wakaanza kusema maneno mbele ya Raima kama vile aliumia masikio pia. "Huyu mpira unamtii," wakasema. "Yule mwingine alikuwa na madoido."

Siku ya fainali Raima alisimama kwenye kamba ya uwanja, magongo kwapani. Dakika za mwisho Palimb tuko nyuma kwa pointi mbili. Kitipa akachomoka na mpira, akajitupa juu ya mstari, watu watano wakamfunika. Refa akachungulia lile rundo, akanyoosha mkono. Trai, pointi nne. Bonde lote likaingia uwanjani: akina mama na mikoba yao ya kufuma kichwani, watoto, mbwa, mchungaji wa kanisa. Na Raima akatupa magongo, akakimbia. Alikimbia kuliko wote, mbio za mtu mwenye miguu miwili, moja kwa moja kwa refa, na alipomfikia akaanguka miguuni pake na hakuweza kusema kitu. Skrubu ilikuwa imekatika.

Palimb tukalia kwa kuona mapenzi yale. Mtu ana skrubu mguuni, jezi yake kavaa mwingine, lakini trai ikiingia anasahau mguu. Tulimbeba yeye kabla hatujambeba Kitipa. Nguruwe wa ushindi alipochomwa kwenye mawe ya moto, kipande cha kwanza chenye mafuta kuliko vyote kilipelekwa kwa Raima. Baba mdogo Yamb, anayependa kuhutubia, alisema moyo kama ule haujaonekana bondeni tangu babu zao, na watu wakaitikia.

Raima alikula.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" Daktari Toua aliuliza, ameinua picha ya eksirei dirishani.

"Kushangilia."

"Kushangilia," daktari akarudia, akiitazama ile skrubu iliyokatika. Akampasua tena. Alipomaliza alimwambia bila kuzungukazunguka kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Mfupa ukikataa kuunga safari hii, raga ahesabu imekwisha, na mguu atakuwa akiuburuta kama mtu mwenye deni la watu njia zote.

Miezi ikapita. Kila akienda mjini daktari anaitazama picha, anatikisa kichwa, anavuta sweta. Mfupa haujaunga. "Unaukanyagia?" Hapana, daktari. "Hata kidogo?" Hata kidogo.

Sasa nikwambie alichokuwa akifanya huyo wa hata kidogo. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya viazi vitamu, alikuwa akitoka na magongo hadi nyuma ya shamba la bibi yake, anayaegemeza kwenye uzio, anajaribu. Kwanza kutembea kati ya matuta. Halafu kuruka tuta. Halafu kugeuka ghafla, kama namba tisa anavyogeuka. Maumivu yalimpanda hadi kwenye meno. Lakini siku moja sokoni alikuwa amewakuta watoto wakicheza, wanagombana nani awe Kitipa, na hakuna aliyetaka kuwa Raima isipokuwa mmoja mwenye kidonda mguuni.

Bibi Wenta, aliyewalea Raima na Kitipa wote wawili, ndiye aliyechoka wa kwanza.

"Daktari kaangalia mfupa mara ngapi?" alisema. "Mfupa umemwambia nini? Haumwambii kitu. Huyu ana kitu tumboni."

Kwetu mtu akikataa kupona, swali ni hilo. Hasira iliyofungiwa inakaa tumboni, waliokufa wanaiona, nao wanamshikilia mgonjwa hapo hapo mpaka itoke. Iwe yake, iwe ya ndugu zake juu yake, lazima isemwe mbele ya watu. Basi Yamb akachinja nguruwe, nyama ikazikwa kwenye mawe ya moto pamoja na viazi na majani, na ukoo ukakaa kulizunguka shimo. Nyama haifunuliwi mpaka maneno yaishe. Ni utaratibu mzuri sana, unafupisha hotuba.

"Mimi naanza," alisema mwanamke wa nyumba ya jirani. "Raima, ulimpiga kuku wangu teke ukasema ni mazoezi. Nilikasirika. Nimeitoa."

"Kwenye mazishi ya baba yangu," alisema Yamb, "ambaye ni babu yako, ulikuja na jezi ya raga. Sikusema siku ile. Leo nasema."

"Uliniita miguu ya bata mbele ya wakwe zangu," alisema binamu mmoja.

"Unayo miguu ya bata," alisema Bibi Wenta. "Mwingine."

Wakaendelea hivyo hadi moshi ukaanza kunukia mafuta na watu wakawa wanameza mate katikati ya sentensi. Kitipa alipofikiwa alisema hana kitu. Ikabaki zamu ya mgonjwa.

"Sina," alisema Raima.

"Huna?" alisema bibi yake.

"Sina, Bibi. Mimi kwa watu wote niko safi."

"Basi tutakaa. Mimi meno sina, nyama siikimbilii."

Wakakaa. Raima alimtazama Yamb, ambaye bado alipenda kuwasimulia wageni juu ya ule moyo wake wa fainali. Alitazama watu waliombeba. Sifa ile ndiyo kitu pekee alichobakiwa nacho. Namba tisa ilikuwa imekwenda, mguu ulikuwa unakwenda, lakini kila mahali bondeni alikuwa bado ni yule aliyevunjika kwa kuipenda Palimb. Akisema, hata hicho kinakwenda. Asiposema, alihisi, kwa namna ambayo hata asiyeamini mambo ya waliokufa angeihisi, kwamba kesho alfajiri atakuwa nyuma ya lile shamba tena, anaruka matuta.

"Siku ya fainali," alisema, akitazama mguu, "sikukimbia kushangilia."

"Ulikimbia kufanya nini?" aliuliza Yamb kwa upole, kama anayemsaidia mtoto.

"Nilikuwa namfuata refa. Kumwambia si trai. Mpira ulimponyoka kabla ya mstari. Niliuona."

Tone la mafuta lilidondoka ndani ya shimo, likachemka.

"Ulimponyoka nani?" alisema Yamb.

"Kitipa."

"Yaani ulitaka tufungwe. Na Kungar."

"Nilitaka yeye asifunge. Kungar sikuwafikiria."

Yamb akasimama, na angehutubia pale hadi nguruwe awe mkaa, lakini Kitipa alitema popoo yake pembeni akasema, "Uliniponyoka kweli."

"Wewe nyamaza," alisema baba yake.

"Uliniponyoka, nikaulalia. Nilikuwa nangoja refa anikatalie. Akanyoosha mkono, watu wakaja, mkanibeba." Akafikiri. "Mkambeba yeye, halafu mkanibeba mimi. Nami nina hasira, Bibi. Nilisema uongo zamu yangu ilipofika. Toka siku ile huyu akiniona anatabasamu, na najua anajua. Afadhali angenipiga."

"Sasa wote mmesema," alisema Bibi Wenta. "Funueni, itaungua."

Wakala. Ukoo mzima ukakubaliana kwamba neno lile lisitoke pale, na kwa hiyo lilichelewa kufika Kungar hadi siku ya soko. Kungar wakadai kikombe chao. Chama cha raga kikawajibu kwamba msimu uliopita umefungwa, na refa ndiye refa. Wakakaa na uchungu wao, lakini kwa Raima walikuwa na heshima ya pekee. Akipita sokoni kwao wanamsogezea popoo bure na chokaa ya kutafunia juu. "Huyu ndiye mtu mkweli peke yake Palimb," wanasema kwa sauti, ili Palimb tusikie. Huku kwetu hata yule mtoto mwenye kidonda mguuni hakutaka tena kuwa Raima. Kocha alimsalimu kwa nyusi. Yule mnene, tangi la maji, alituma salamu kwamba kama angejua ni mtu wa namna ile angemdondokea mwingine.

Kuna kitu kimoja kilibadilika ambacho hakuna aliyekiona. Asubuhi Raima alilala. Ukungu ulikuja na kuondoka, magongo yakakaa mlangoni, naye hakuona sababu ya kwenda nyuma ya shamba lolote.

Safari iliyofuata Daktari Toua aliishikilia picha dirishani muda mrefu, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Umeunga," alisema. "Ulikuwa unaukanyagia, siyo?"

"Ndiyo, daktari."

"Na sasa umeacha."

"Nimeacha."

"Kwa nini?"

"Tulichinja nguruwe."

Daktari alifikiri kidogo, kisha akamwambia aendelee hivyo hivyo.

Msimu mpya ulipokaribia alirudi mazoezini, mwembamba paja moja, mwepesi wa kutokwa jasho. Akamwendea kocha.

"Tisa ni Kitipa," alisema kocha kabla hajaulizwa.

"Najua."

"Kumi na nne ipo. Ya benchi. Ina tundu kwapani."

Raima akaichukua.

Mchezo wa kwanza ulikuwa na Kungar, maana wapanga ratiba nao ni binadamu, wanapenda kuona. Kocha alimwingiza kipindi cha pili. Alipovuka kamba, watu wa Kungar ndio waliompigia makofi, wamesimama, na sisi Palimb tukabaki kimya tunatafuna. Sijawahi kuona mchezaji akiingia uwanjani na uso mbaya vile. Mpira wa kwanza alioletewa aliukumbatia na kukimbia nao moja kwa moja kwenye ukuta wa watu, bila madoido, na ukuta ukamshusha. Wa mwisho kulala juu alikuwa yule mnene. Kutoka kambani hatukuuona mguu wa Raima uko wapi. Hata waliokuwa na kinyongo waliacha kutafuna.

Rundo likafunuka. Raima akasimama. Kanuni inamtaka auweke mpira chini na kuusukuma nyuma kwa mguu, na yeye tangu utoto mguu wake wa kusukumia ni huo huo ulioumia. Akaweka mpira kwenye tope. Akangoja, mtu angedhani anamsikiliza mtu.

"Vipi?" alisema Kitipa nyuma yake, ameinama, mikono tayari.

"Una haraka gani? Nakuletea," alisema Raima.

Akaubandika unyayo juu ya mpira, akausukuma. Kitipa akauokota, akapotelea kushoto bila hata kumtazama, na Palimb wote wakaondoka naye, wakipiga kelele. Raima akabaki amesimama pale pale, mtu mzima, anakitazama kiatu chake, hadi kocha alipomuuliza kutoka kambani kama amekuja kucheza au kuotesha viazi.

Akakimbia kushoto.