Sisimizi wa Gare

Juzi niliona sisimizi wamejipanga mlangoni pa choo changu, na mawazo yakanirudisha gare ya Kolwezi, mchana ule tuliposubiri treni ya kwenda Kasai. Wenyeji wa Kolwezi walitufukuza wakisema turudi kwetu Kasai, na mimi kwetu huko sikuwahi kukuona. Moshi wa makala ya kupikia ulichanganyika na harufu ya magodoro yaliyonyeshewa.

Tata, baba yangu, alikwenda kila mara kukojoa nyuma ya ukuta. Kila alipotoka, sisimizi walijaa pale. Nilifikiri wanamjua, wamekuja kumuaga.

Jua lilipoinama, shati lake likalowa jasho.

"Kifua inakuuma?" mama akamuuliza.

"Hapana, haiumi. Mi nimechoka tu."

Mama akamkorogea chai yenye sukari nyingi apate nguvu. Tata akainywa yote, akaegemea godoro, na hakuamka tena.

"Chagrin njo imemuua," wamama walisema, "chagrin ya kufukuzwa." Sikujua kwamba chagrin ni huzuni; nilidhani ni ugonjwa unaoshika watu wa gare, nikaogopa kufumba macho.

Baada ya kuona sisimizi wale wa chooni nilikwenda kupimwa. Daktari akaniambia nina sukari, ndiyo inayovuta sisimizi kwenye mkojo, na kwamba sukari huharibu mishipa ya moyo polepole, hadi moyo unaweza kusimama bila kifua kuuma. Nilielewa kila neno. Kisha nikamuuliza kama moyo wa tata ungesimama siku ile hata kama wangetuacha nyumbani kwetu.