Tarumbeta za Kanisa na Ampuli ya Kungojea Umeme

Katika kanisa letu, watu wa viti vya nyuma walikuwa wakisikia kelele ya masomo, si maneno yake. Kwaya ikiimba, vifua vilitikisika. Msomaji akisoma, zilifika "sss" na "shh" tu, kama mafuta kwenye kikaango. Bafle zetu, yaani masanduku ya spika, ni mbili, kubwa, za mbao, na juu ya kila moja kuna tarumbeta: mdomo mpana wa chuma ambao nyuma yake imefungwa spika ndogo ya sauti nyembamba. Zilitoka kwa orchestre moja, bendi iliyokwisha kuvunjika. Zilikuwa nzuri, ila kichujio kilichomo ndani, chenye kazi ya kugawa sauti, kilikuwa kimechoka, na sauti nzito zilifunika maneno.

Mimi ndiye niliyezitunza. Niliacha shule baada ya darasa la sita, na babu yangu, aliyefanya kazi katika karakana ya reli, akanifundisha kulehemu. Tangu hapo nafasi yangu kanisani ilikuwa nyuma ya nguzo, karibu na vifaa, mahali ambapo binti asiyependa kutazamwa anaweza kusali Misa nzima bila kuulizwa neno.

Baada ya Pasaka, padre alinifuata hapo hapo.

"Mwanangu, ba mama ba kule nyuma banalalamika. Kuko muntu anataka kutupatia bafle za plastiki, za mupya. Tungoje mpaka Pentekoste. Kama ba nyuma bado habasikie, hizi tutaweka mu depot."

Niliitikia kwa kichwa. Bafle za plastiki zina kila kitu ndani yake. Unabonyeza kifungo kimoja, basi. Hazihitaji mtu wa kuzitunza. Na mimi sikuwa na kazi nyingine niliyoijua.

Katika masanduku ya ile orchestre kulikuwa na filtre ya umeme, chuma chembamba chenye vifungo vya kuzungusha, ambacho hakuna aliyewahi kukigusa. Nilikaa nacho juma zima. Kazi yake ni kugawa sauti mapema, kabla haijafika kwenye ampli, mashine ya kukuza sauti: nzito inakwenda ampli moja, nyembamba inakwenda ampli nyingine, na tarumbeta zinapata ampli yao peke yao. Nikatoa vichujio vya zamani ndani ya bafle, nikaunga nyaya upya.

Mwanzoni niligawa chini mno, tarumbeta zikalia kama mtu aliyebanwa pua. Nikapandisha kidogo kidogo. Kisha nikapunguza ampli yao, maana tarumbeta ukiipa kidogo inatoa kingi. Mtoto wa jirani alihesabu kwenye mikro, moja mpaka kumi, nami nikasimama kwenye kiti cha mwisho. "Sita" ilifika ikiwa "sita". Nilicheka peke yangu.

Siku ya tatu umeme ulikatika. Kwetu umeme ukikatika hatuzimi kitu. Tunaacha taa na redio zimewashwa, ili zitujulishe ukirudi. Nami niliacha vifaa vyote vimewashwa, nikaenda kuchota maji. Nikiwa njiani kurudi nilisikia "pah!" moja kutoka kanisani, kama mlango uliopigwa na upepo. Umeme ulikuwa umerudi, na vifaa vyote vilikuwa vimeamka kwa pamoja. Tarumbeta ya kushoto ilikuwa kimya.

Niliifungua. Ndani yake mna utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, nao ulikuwa umepasuka. Zamani kichujio cha ndani kilipokea lile pigo kwanza. Sasa hapakuwa na kitu kati ya ampli na utando. Fundi mmoja alikuwa ameniambia niweke hapo kondansateri ya kupunguza pigo, lakini sikuwa nimepata ya ukubwa unaofaa. Kosa lilikuwa langu. Nilikwenda kwa padre, nikamwambia nikitazama viatu vyake.

Mama mmoja anayefanya biashara Mokambo alinitafutia utando mwingine ng'ambo ya mpaka. Ulichukua majuma matatu, nao ulikuwa mmoja tu. Ukipasuka huu, Pentekoste ingetukuta na tarumbeta moja.

Niliufunga Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya sikukuu. Mchana kwaya ilikuja kwa mazoezi ya mwisho. Wimbo wa pili haujaisha, umeme ukakatika. Safari hii nilizima ampli kwanza, halafu filtre, halafu meza ya mikro, ile ya kuchanganya sauti. Nikatoka nje kutafuta kivuli.

Niliporudi mlangoni nilimwona mama président wa kwaya ameinama juu ya vifaa, anabonyeza vifungo kimoja kimoja.

"Mulizimisha bintu byote," aliwaambia wenzake. "Sasa tutayua namna gani kama courant inarudia?"

"Zima," nilisema. Hakuna aliyesikia. Walikuwa wakicheka mambo yao, watu kama arobaini. Niliona taa ndogo za vifungo, zote zimekufa, zinangoja.

"Mama, zimisha! Zimisha byote!"

Sauti ile ilitoka kwangu. Wote wakageuka. Mama président aliondoa mkono kama aliyeguswa na moto, nami nilikimbia kati ya viti nikazima ampli mwenyewe.

"Eh!" mwanamume mmoja wa sauti ya besi akasema. "Kumbe eko na sauti! Na sisi tulikuwa natafuta soprano."

Wote wakacheka. Nilitaka kutoka, lakini mama président alinishika bega. "Waachie hao. Tuelezee: juu ya nini tusiwashe?"

Nikawaeleza, mbele ya wote, kuhusu ule utando na lile pigo.

"Bon. Mais courant ikirudia, tutayua namna gani?"

Swali lilikuwa la haki. Nilichukua ampuli, balbu ya kawaida ya taa, na waya, nikaiunga kwenye prizi ya ukutani ya peke yake, mbali na ampli, ikining'inia mahali ambapo kwaya yote ingeiona. Tukakaa tukaitazama. Walipochoka waliimba bila mikro. Ilipowaka, walishangilia, lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Niliwasha meza, kisha filtre, nikahesabu mpaka ishirini, kisha ampli. Tarumbeta zote mbili zilitoa pumzi ndogo, "fff", zikawa hai.

Siku ya Pentekoste nilisimama nyuma kabisa wakati wa somo la kwanza. Upepo, moto, lugha za watu: kila neno lilifika zima. Baada ya matangazo na baraka, mama mzee wa kiti cha mwisho alimwendea padre, uso umekunjamana.

"Mon père, tangu lini munatangaza majina ya ba kufagia kanisa nguvu hivi?"

"Umesikia jina lako, mama?"

"Nimesikia! Jumamosi, saa kumi na mbili ya asubuhi. Miaka yote nilikuwa nasema sikusikia."

Padre alicheka mpaka akashika kanzu yake. "Basi, zinabaki," aliniambia. "Za plastiki bapatie parokia ingine."

Mama mzee alinigeukia. "Weye, mutoto. Kule kwetu nyuma, upunguze kidogo."

"Hapana, mama," nilimjibu, na alinisikia vizuri.