Tarumbeta ya Kwanza

Mimi ndiye niliyemfanya Aristides aanze kusugua meno kama mtu aliyerukwa na akili. Nalisema mapema, asije mtu akanisifia upole nisio nao.

Tuko saba kwenye matarumbeta ya usharika wetu, Igurwa. Yeye alikuwa tarumbeta ya kwanza kwa miaka kumi na tisa, mimi ya pili, nyuma yake na wivu wangu. Wa kwanza ndiye anayeongoza wimbo. Mama yake, Bibi Kantengwa, alikuwa mgonjwa wa kitandani, na kila nilipokwenda kumsalimu alimgeukia mwanawe akasema, "Siku yangu ya kuzikwa utanipigia wewe mwenyewe." Aristides alimwahidi.

Lakini Aristides alikuwa na kiungulia. Jioni alikula ndizi na maharage, akashushia na lubisi, pombe yetu ya ndizi, akalala papo hapo. Alipoamka mdomo ulikuwa mchachu. Akiinama kupalilia kahawa, uchachu ulimpanda tena. Aliuona jambo la kawaida, maana hata baba yake alikuwa nao.

Jumamosi moja mazoezini tarumbeta yangu iligoma, akaniazima yake. Niliiweka mdomoni nikaitoa haraka. "Ndugu yangu, humu unatunzia siki?" nikasema, mbele ya wote. Walicheka mpaka mpiga tuba akaweka chombo chini. Aristides aliichukua tarumbeta yake, akaifuta kwa shati.

Tangu siku hiyo, uchachu ukipanda tu, alikimbilia mswaki. Mswaki mgumu, na unga wa mkaa juu yake, mara tano au sita kwa siku. Mkewe, Beata, aliniambia anamsikia nyuma ya nyumba akisugua kama anayeng'arisha sufuria la msibani. Meno yaling'aa kweli, nasi tukamsifia.

Kwanza ilikuwa maji baridi: alikunywa, akashika shavu. Kisha ncha za meno ya mbele ya juu zikaanza kupitisha mwanga. Akikaa kuelekea dirisha la kanisa niliona rangi ya kijivu pale palipokuwa peupe. Sikusema. Niliogopa, na Mungu anisamehe, nilikuwa napiga hesabu zangu pia. Mama yake naye alikuwa anazidi kudhoofu, na kila wiki sauti ya tarumbeta ya kwanza ilipungua kidogo.

Siku alipotema kipande cha jino kiganjani, kidogo kama punje ya mtama, baada ya kula ndizi laini kabisa, nilipata hofu hasa. Nilimpakia bodaboda mwenyewe, tukaenda hospitali ya Nyakahanga.

Daktari wa meno alikuwa binti mdogo aitwaye Mackrine. Alimwamkia, akampa kioo ajione meno kwa nyuma. Mbele yalikuwa meno. Nyuma palikuwa pameliwa, pamebaki kigae chembamba.

"Mzee, ni asidi ya tumbo," alisema. "Ikipanda, gamba la juu la jino linalainika. Ukishika mswaki palepale, unalifuta."

"Kwa hiyo nikae na uchafu?"

"Sukutua kwa maji, uteme. Subiri kama saa nzima ndipo upige mswaki, uwe laini, na dawa yenye floraidi. Mkaa acha. Kula mapema, usilale mpaka chakula kishuke, inua kitanda upande wa kichwa. Lubisi ipumzishe. Na tumbo lenyewe litatibiwa."

"Na hilo gamba litaota lini?"

"Halioti, mzee. Tunalinda lililobaki."

Kisha akauliza ni nani aliyemfundisha kusugua namna ile. Nilitazama sakafu.

"Mwenyewe," Aristides akasema.

Alijaziwa meno. Akafuata masharti yote: matofali chini ya kitanda, chakula kabla ya jua kuzama, chupa ya maji mfukoni kila aendako. Kiungulia kikapungua. Mazoezi daktari alikuwa amemkataza kwa muda, kwa hiyo hakuna aliyejua sauti yake imefikia wapi.

Bibi Kantengwa alifariki Jumanne. Jioni ile Aristides alikuja kwangu na tarumbeta, akasimama kwenye migomba yangu, akapiga ubeti mmoja wa wimbo aliouchagua mama yake. Upepo ulitoka mwingi kuliko sauti. Alipokaza midomo ili apande juu, alishtuka akashika fizi.

"Wenzetu wameisikia leo, wanasema sauti iko vilevile," akasema. "Wewe umeisikiliza miaka yote. Iko?"

Miaka kumi na tisa niliitamani ile nafasi, na sasa nilitamani kudanganya.

"Haiko," nikamwambia. "Na nisamehe, kwa ile siku."

Alinipa tarumbeta yake, akanielekeza mahali pa kuvuta pumzi.

Alhamisi nilimpigia Bibi Kantengwa wimbo wake. Mwanawe alisimama ukingoni mwa kaburi, amefumba mdomo, akisikia kila nilipokosea.