Saa Mbili za Tanuri

Nilishika kazi ya tanuri miaka sita katika karakana moja ya Nakuru, upande wa viwandani. Tulitengeneza shafti za pampu za visima, zile nondo zinazozungusha pampu. Kila shafti ilikuwa na kipande kirefu cha chuma cha kawaida, na mwishoni kipande kifupi cha chuma kisichoshika kutu, kile cha kukaa majini. Aliyeviunganisha ni mzee mmoja, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Mashine yake haikutoa mwali. Ilishika kipande kimoja, ikazungusha kingine kwa kasi huku ikikikandamiza, mpaka msuguano ukavifanya vyekundu, vikalainika na kushikana.

"Usidanganywe na sura," aliniambia wiki yangu ya kwanza, akinionyesha kiungo kilichopoa. "Hapa sasa ni kama glasi, ni rahisi kukatika. Wewe ndio utakirudisha kuwa chuma."

Ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilizipasha shafti moto tena polepole, nikazishikilia kwenye joto lile kwa muda wa saa mbili, kisha nikaziacha zipoe mlango ukiwa umefungwa. Halafu nikatia sahihi kwenye karatasi ya muda wa tanuri.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali na wafugaji wa Njoro walitaka pampu kila siku. Asubuhi moja meneja akaja.

"Madam, toa hizo. Gari ya Njoro inangoja."

"Boss, zina nusu saa tu."

"Unaona ufa mahali? Mimi sioni."

Wiki hiyohiyo alikuwa amemfukuza fundi wa lethi, mashine ya kuchonga vyuma, kwa kubishana naye. Nikafungua mlango. Akanisogezea karatasi, nami nikaandika saa mbili. Hakuna aliyenishika mkono kunilazimisha.

Fundi wa kufunga pampu alikuwa mgonjwa, kwa hiyo mzee ndiye aliyepanda gari na mfuko wake wa spana. Ningeweza kumwambia. Nilimwambia, "Safari njema."

Pampu haikumaliza hata saa moja. Shafti ilikatika palepale kwenye kiungo, kipande cha juu kikachapa kikiwa bado kinazunguka, kikamsaga mkono wa kulia. Hospitalini walimkata vidole vitatu.

Nilienda kumwona. Alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko.

"Zilikaa saa mbili?"

"Mzee, pole sana, kusema kweli mimi..."

"Nimekuuliza."

"Nusu saa."

Akageukia ukutani. Nilikaa pale mpaka muuguzi akanitoa.

Kwenye kikao cha kiwandani, meneja aliweka karatasi yangu mezani. Alisema utaratibu wa tanuri ulifuatwa, kwa hivyo kosa lilikuwa la aliyeunganisha: mzee hakukandamiza vya kutosha, amezeeka, macho yamechoka. Kisha akanigeukia.

"Zilikaa saa mbili, ama?"

Watu kumi hivi walikuwa wakinitazama. Mzee hakuwapo, alikuwa bado wodini.

"Ndiyo," nikasema.

Alipopona alipewa barua ya kuachishwa kazi kwa uzembe. Mimi nilifanywa msimamizi wa sehemu ya tanuri, na siku hizi hakuna anayethubutu kuufungua ule mlango kabla ya wakati. Wafanyakazi wapya wananiona mkali sana. Wanadhani ni ujuzi.

Mwezi uliopita nilitumwa kwa mteja mmoja mtaa wa Milimani. Lango likafunguliwa kwa mkono wa kushoto. Alikuwa yule mzee, ndani ya koti la ulinzi lililompwaya mabegani.

"Karibu, madam. Unatafuta nani?"

Sauti ya kumuuliza mgeni yeyote. Nikamtajia mwenye nyumba, akanielekeza mlango wa pembeni. Nilipotoka nilisimama mbele yake.

"Mzee, nilikukosea. Si nusu saa peke yake. Hata kwenye kikao, mimi ndiye niliyesema zilikaa saa mbili."

"Najua," akasema. "Wenzetu waliniambia jioni ileile."

Nilingoja anitukane. Akatazama nyuma yangu, barabarani.

"Sogea kidogo, madam. Nataka kufunga, hawa mbwa watatoka."

Nikasogea.