Boti ya Mama Mwingereza

Mwaka ule baridi ilikawia kuondoka, na mimi nilikuwa nimechoka tangu kabla haijaingia. Wikiendi nilikuwa nageuza wagonjwa vitandani katika nyumba ya wazee pale Silver Spring. Siku za kazi nilipanda treni inayoshuka hadi katikati ya jiji ndipo ipande tena upande wa pili, halafu basi, mpaka Germantown, kumhudumia mjane mmoja Mwingereza ambaye magoti yalikuwa yamemgomea. Kumwogesha, kumpikia uji, kumpa dawa, kumtembeza barazani jua likitoka. Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya. Ya boti haikuwamo.

Boti aliiacha marehemu mumewe. Mzee alikuwa fundi wa vyuma, akaijenga mwenyewe kwa mtindo wa boti za mifereji ya kwao: chuma kitupu, ndefu karibu kama basi, na nyembamba hivi kwamba ndani watu wawili hawapishani bila mmoja kujibana ukutani. Zamani, majira ya kuchipua yakifika, lori lilikuwa linaibeba hadi kwenye mifereji ya jimbo la New York, na wawili hao wakatembea nayo miezi yote ya joto. Tangu mzee afariki ilikuwa imekaa juu ya magogo katika uwanja wa boti, kando ya kijito kinachoingia mto Potomac, imefunikwa turubai.

Asubuhi moja ya Machi, nikiwa nimepiga magoti namfunga kamba za viatu, mama alisema, "Mwanangu amekubali kunipeleka kwenye mifereji mwaka huu. Boti lazima iwe tayari kabla ya Mei."

"Nani ataitayarisha, mama?"

Aliitazama mikono yangu.

Basi tukaanza. Nilimwingiza kwenye gari lake, nikaendesha hadi uwanjani, nikamkalisha kwenye kiti cha kukunja akiwa na blanketi miguuni na chupa ya chai, naye akawa ananielekeza. Nilivua turubai lililojaa majani yaliyooza. Nililala chali juu ya maboksi chini ya tumbo la boti nikikwangua kutu, ikaniangukia machoni na mdomoni. Siku zilizofuata nikapaka lami nyeusi, tabaka moja, likikauka jingine. Mwenzangu niliyepanga naye chumba, dada Mkenya, naye mlezi wa wagonjwa kama mimi, aliziona kucha zangu jioni akashangaa.

"Wewe, si uliajiriwa kuosha huyo mama? Sasa umekuwa fundi wa meli?"

"Boti," nikamwambia.

"Ni sawa tu. Utakufa na uchovu, na boti iende bila wewe."

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Boti ikiondoka, mama anaondoka nayo, na mimi sina kazi mpaka majira ya majani kupukutika. Nilikuwa nalijua hilo kila nilipochovya brashi. Sikuwa na nguvu hata ya kuliogopa.

Siku tuliyojaza maji kwenye tangi, bomba la jikoni lilirusha maji ukuta mzima. Maji yalikuwa yamebaki humo msimu wa baridi, yakaganda, yakapasua bomba la shaba. Mama alinisikia nikipiga kelele, akapanda ngazi mwenyewe kwa magoti yale, akasimama mlangoni analia kwa hasira.

"Mume wangu alikuwa anayatoa maji yote kila Novemba," alisema. "Miaka yote hiyo sikuwahi hata kumuuliza anafanyaje."

Nilimkalisha kwenye kitanda kilicholowa. Nikamshika mkono, wote tukiwa tumeloa. Baadaye fundi wa uwanja alikuja, akakata kile kipande na kuunga kipya, mimi nikimmulikia tochi. Kesho yake tukabadilisha mafuta ya injini na betri. Injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikawaka. Mama alipiga makofi.

Jioni hiyohiyo mwanawe alinipigia simu.

"Naomba unisaidie," alisema. "Mwambie mama injini imekufa. Wewe atakusikiliza."

Nilikuwa nimekaa kituo cha basi, mgongo unawaka moto. Neno moja tu, na ningepumzika. Neno moja, na kazi yangu ingebaki.

"Injini haijafa," nikasema. "Leo imewaka, na mama yako ameisikia. Kama hutaki kwenda, mwambie wewe mwenyewe. Uongo wa mtoto kwa mama yake mimi siwezi kuubeba."

Akasema kwa sauti ndogo, "Akianguka kule, kwenye malango ya maji, boti inapopandishwa na kushushwa, mimi nitafanya nini? Baba ndiye aliyekuwa anajua kila kitu. Mimi sijui lolote."

Nikatambua kwamba huyu naye amechoka, tena kwa hofu, na huo ni uchovu mbaya zaidi. Nikamwambia aje amwone mama yake akiwa uwanjani, si nyumbani kwenye kiti anachonywea dawa.

Alikuja siku ya kuijaribu boti majini. Ilikuwa wikiendi, nikaomba ruhusa kule kwenye nyumba ya wazee. Winchi iliishusha taratibu mpaka kwenye kijito, nami nikaingia nyuma, karibu na injini, kuangalia kama maji yanapenya. Yalikuwa yanadondoka tone moja moja pale mhimili wa pangaboi unapotokea nje, kama inavyotakiwa ili usipate moto. Mwanawe akashika usukani, na mama, kando yake, akaanza kumfokea mtu mzima yule: punguza, usigeuze ghafla, tazama mbele siyo chini. Nikamsikia mwanawe akicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Niliketi kitandani ndani ninyooshe mgongo kidogo.

Nilipofumbua macho, boti ilikuwa imefungwa kizimbani na mimi nimefunikwa blanketi la mama. Walikuwa wamekwenda hadi mtoni na kurudi.

"Hatukutaka kukuamsha," alisema mwanawe.

Nililia kidogo, nikasingizia moshi. Nilikuwa nimeitengeneza miezi miwili, na safari yake ya kwanza baada ya hapo ikanipita usingizini.

Lori lilikuja likaichukua. Mama alinikumbatia mlangoni akanipa chupa yake ya chai, maana sikukubali kitu kingine. Wiki hiyohiyo nikapata mgonjwa mwingine huko Manassas, mbali zaidi, mzee asiyezungumza kabisa.

Katikati ya kiangazi mama alinipigia simu kutoka kwenye mfereji. Alilalamika kwamba mwanawe anagonga kingo za kila lango la maji, na kwamba anapika vibaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba usingizi. Akasema hatarudi Germantown; wameamua akae kwa mwanawe, anayeishi kulekule jimbo la New York, karibu na mifereji. Akaniomba nihamie huko nimtunze.

"Nitafikiria, mama," nikamwambia.

Nilifikiria kwa kweli, siku nyingi, ndani ya treni. Sikwenda. Kufungasha tena na kuanza upya mahali nisipomjua mtu, mwili ulikataa, nami nikausikiliza.